Kesho Isiyofika
Wapenzi wa Disneyland, kule Anaheim, California, wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu sehemu iitwayo Tomorrowland, yaani Nchi ya Kesho. Wengine huwacheka: watu wazima kulalamikia bustani ya burudani! Mimi nawaelewa, na sababu yangu ni ya kisarufi.

Mwaka 1967 ilifunguliwa pale PeopleMover, vigari vilivyopita polepole juu ya vichwa vya watu. Ilifungwa 1995. Katika ukarabati wa 1998 majengo yalipakwa rangi ya shaba, na njia ileile ikapewa magari ya kasi, Rocket Rods. Lakini kona hazikujengwa upya, hivyo kila kona gari lilipaswa kupunguza mwendo. Yaliharibika mara kwa mara. Mwaka 2000 yakasimamishwa. Njia tupu ikabaki juu ya nguzo zake miaka na miaka.

Kazi iliyokwama tunaiambia “haijaisha”, na -ja- hiyo ina subira ndani yake: bado kidogo. Miaka ikizidi, subira huisha. Jina la mahali linasema -ta-, nguzo zinasema -li-. Mashabiki hawadai rangi mpya. Wanadai wakati ujao walioahidiwa mlangoni.