Mahali pa Kurudi

Katika mji wa Kraków, kusini mwa Poland, kuna kanisa la Bikira Maria ambalo milango ya altare yake hufunguliwa saa sita kasorodakika kumi mchana. Ni milango mikubwa ya mbao, imejaa picha zilizochongwa zikachomoza: malaika akimletea Maria habari, mtoto amelazwa, Mamajusi na zawadi zao. Dhahabu na buluu kila mahali. Mimi nimeiona kwa video tu, lakini nimeirudia hadi bando likaisha.

Aliyeichonga ni Veit Stoss, fundi aliyetoka Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1477. Alimaliza 1489. Miaka 12 kwa kazi moja! Altare ina kimo cha mita 13 hivi, na sanamu kubwa za katikati zinapita mita 2.5. Hapo ndipo Maria anakufa: amepiga magoti, nguvu zimemwisha, mtume mmoja amemshika asianguke.

Ukiitazama utadhani ni dhahabu tupu. Wapi! Ni mti wa linden, mti laini wa Ulaya unaokubali kisu. Mafundi wa zama hizo walikomba mgongo wa sanamu ubaki na uvungu, ili mti usipasuke ukikauka. Kisha wakapaka gundi ya ngozi ya mnyama, tabaka za chaki, halafu udongo mwekundu laini. Mwisho kabisa ndio karatasi ya dhahabu, nyembamba hivi kwamba ukiipumulia inapeperuka. Ikishika, inasuguliwa kwa jiwe au jino la mnyama mpaka ing'ae. Na chini ya mng'ao huo Stoss alichonga watu wa kawaida. Mitume wake wana mishipa iliyovimba na ngozi zenye kasoro, kama wazee unaowakuta stejini wakingoja matatu.

Agosti 1939 Wapolandi waliona vita vinakuja. Wakazishusha sanamu, wakazipakia kwenye masanduku na kuzisafirisha kwa mto Vistula hadi Sandomierz. Wanazi wakazipata. Zikapelekwa Berlin, kisha Nuremberg, zikafichwa chini ya ngome ya mji. Hoja yao ilikuwa nyepesi: aliyechonga ni Mjerumani, kwa hivyo mali ni yetu. Eti waliolipa, wakasali mbele yake na kuzikana mbele yake miaka 450 hawahesabiki.

Ilirudi Poland 1946. Hata hivyo haikuingia kanisani mara moja. Ilikarabatiwa, ikakaa katika kasri la Wawel, mjini humo humo, na watu wakawa wanaenda kuitazama huko. Kanisani ilirudi 1957. Miaka 18 pale mbele palikaa bila altare yake, na palibaki pake.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na Mgiriama wa kuzaliwa. Kwetu, mzee wa chama cha Gohu akifa husimikiwa kigango: mti mgumu usioliwa na mchwa, umechongwa mfano wa mtu na kutiwa nakshi za pembetatu. Kikishasimikwa hakisogezwi. Babu wa babangu alikuwa nacho. Kiling'olewa usiku, kabla sijazaliwa, na mpaka leo hatujui kiliuzwa kwa nani. Tunachojua ni kwamba soko lilikuwepo, na kwamba vingi viliishia Marekani, kwenye sebule za matajiri na kwenye makumbusho.

Vingine vimeanza kurudi. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho la Denver lilitangaza kwamba linarudisha vigango 30. Tulishangilia. Lakini likaja swali gumu: kila kimoja kilitoka boma gani? Wezi hawaandiki risiti. Kigango kisicho na boma lake ni mbao nzuri tu, hata kikiwa kimerudi nchi yake.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha hawe, nyanyangu, video ya Kraków. Kigango kilichoibiwa kilikuwa cha baba mkwe wake. Aliitazama mpaka milango ikafunguka yote. Nikamsimulia kuhusu wizi, masanduku na treni ya kurudi. Hakuuliza habari ya dhahabu.

"Kwa hivyo walipoileta walijua pa kuiweka?"

"Ndiyo, hawe. Kanisa lilikuwepo."

"Basi hao walikuwa na bahati," akasema, akanirudishia simu.

Neno hilo limenikaa kwa sababu ploti ile, pale kigango kiliposimama, baba mdogo anataka kuiuza. Mnunuzi yuko tayari na bei ni nzuri, siwezi kudanganya. Kwenye grupu ya familia binamu zangu wanasema pale hakuna kitu, ni shimo na magugu. Kuna ada za shule na kuna deni la hospitali, na hayo si maneno ya kupuuza.

Lakini najiuliza: siku simu ikipigwa, mtu akasema tumekipata cha kwenu, tutamwambia akilete wapi? Kwenye geti la mtu? Kwenye kabati la kioo mjini, kiwe na kibandiko?

Wiki jana niliandika kwenye grupu: tuuze, lakini ile sehemu ya hatua kumi kwa kumi ibaki, ipimwe na iandikwe jina la familia. Baba mdogo amesoma, alama za buluu zimetokea, bado hajajibu. Hawe hana simu ya kuingia kwenye grupu, kwa hivyo alinituma nimwandikie neno lake: yeye haweki sahihi mpaka shimo lipimwe.