Neno «eventually» na magunia 18



Mwalimu wetu wa Kiingereza aliomba sisi wa darasa la mwisho tuandike juu ya maneno magumu ya Kiingereza, maana yake na namna ya kuyatumia. Wenzangu wameandika orodha, nanyi mtazisoma. Mimi nitaandika zaidi juu ya neno moja, sababu liliniletea hasara. Kusema kweli hasara haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mdogo wangu, naye hakuwa na kosa lolote.

Nilikuwa na kaye ya maneno makubwa. Kila neno refu nililolikuta katika kitabu niliandika humo, na wenzangu walinipa jina la Diksionere. Jina hilo lilinipendeza sana, siwezi kuficha. Nilikuwa nasema «commence» mahali pa «begin», na «ameliorate» mahali pa «improve», na mtu akinitazama kwa macho ya kushangaa, ndiyo siku yangu ilikuwa nzuri.

Kumbe nilijidai bure. Katika mwaka wa 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa, na watu wa chini walisema Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni anaitwa «cow», jina la wachungaji, lakini akifika mezani anaitwa «beef», jina la wenye kula. (Kwetu Ituri ng'ombe ni ng'ombe tu, hata akiwa ndani ya sufuria.) Basi maneno mengi ambayo mtoto wa London anayaona magumu, mtoto wa Bunia anayafahamu bila kufundishwa, sababu aliyapata katika Kifaransa cha masomo. Yanayotushinda ni yale madogo. Jaribu kueleza «put up with», ambayo maana yake ni kuvumilia. Neno lenyewe liko wapi? Ni vipande vitatu, na hakuna hata kimoja kinachosema kuvumilia.

Lakini hatari kubwa iko katika maneno yanayofanana. Na sasa nifike kwa baba mdogo.

Yeye anakaa upande wa Mahagi, ana shamba la kahawa. Katika vakansi moja nilikuwa kwake. Mnunuzi mmoja wa Uganda alikuwa anamwandikia katika telefoni kwa Kiingereza. Kama angekuwa Mualur, wangalimaliza mambo yao kwa Kialur, maana Waalur wako pande zote mbili za mpaka. Lakini huyu alikuwa mtu wa Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Baba mdogo akanipa telefoni akasema: «Wewe uko na masomo. Umwambie niko na magunia 12. Jirani yangu akikubali kuuza, pengine tutafika 30.»

«Pengine» ile nikaifikiri kwanza kwa Kifaransa: «éventuellement». Kisha nikatafuta neno la Kiingereza linalofanana nalo, na lilikuwa tayari katika kaye yangu. Nikaandika kwamba tuna magunia 12, na «eventually» tutampa 30. Mtu akajibu upesi kwamba ni sawa. Nami nikajisifu moyoni.

Alikuja mpaka Goli na kamio ya magunia 30. Akakuta 12. Jirani alikuwa amekataa, kama alivyokuwa na haki ya kukataa. Mnunuzi akangoja siku nne pale karibu na duane, akifikiri kwamba mengine yako njiani, na kila siku tulimwambia kwamba hakuna mengine, naye kila siku alionyesha telefoni yake. Mwisho akachukua yale 12, akakata katika bei pesa ya kamio na ya siku nne. Baba mdogo alikasirika sana. Alimwita mwongo na mwizi mbele ya watu. Pesa iliyokatwa ilikuwa minervale ya binti yake, na mtoto huyo alirudishwa nyumbani kutoka darasani kwa majuma mawili.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikujua bado kosa liko wapi, lakini nilipoona yule mtu anavyoweka kidole juu ya neno langu, tumbo lilinipoa.

Niliporudi Bunia nilifungua diksionere ya masomo. «Eventually»: mwishowe, baada ya muda. Si pengine hata kidogo. Nilikuwa nimeahidi magunia 30 kwa jina la mtu mwingine. Nikafunga kitabu, nikanyamaza. Nilinyamaza majuma matatu. Baba mdogo akipiga telefoni kwa baba na kumtukana yule Mganda, mimi nilikuwa nasikia, na sikusema neno, mimi mwenye maneno mengi.

Nilimwuliza mwalimu tu, kwa kuzunguka, kama vile ni jambo la kitabu. Alinieleza kwamba maneno yale mawili ni watoto wa neno moja la Kilatini, lenye maana ya jambo kutokea. Kifaransa kilishika upande wa «kama litatokea», Kiingereza kikashika upande wa «mwisho wake litatokea». Akanionyesha mengine. «Prevent» la Kiingereza na «prévenir» la Kifaransa yote yanatoka katika neno la Kilatini la kutangulia. Mfaransa akatangulia kwa habari, basi kwake ni kujulisha au kuonya mapema. Mwingereza akatangulia na kufunga njia, basi kwake ni kuzuia. Na wenye kusoma Biblia ya zamani ya Kiingereza, ile ya 1611, waangalie 1 Wathesalonike 4:15. Mle «prevent» ni kutangulia bado, kama Biblia yetu ya Kiswahili inavyosema wazi. Mtu akisoma mstari ule kwa Kiingereza cha leo atafundisha jambo lingine kabisa.

Hata «library» na «librairie» walikuwa ndugu wa karibu zaidi zamani. Montaigne, Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1592, aliita «librairie» chumba chake cha vitabu, wala hakuwa anauza hata kimoja. Leo ukienda Kampala kutafuta «library» ili ununue kalamu, watakushangaa.

Mengine nayapita haraka: «demand» si kuomba, ni kudai, basi usiandike barua ya kutafuta kazi ukisema «I demand». «Ignore» si kutokujua, ni kujua na kugeuza uso. Na ukisema «I assisted at a theft» ukifikiri umesema uliona mtu akiiba, polisi atakushika wewe kwanza, sababu umesema ulimsaidia.

Wala tusicheke Kifaransa na Kiingereza tu. Kwetu tukisema «bibi yangu» ni mke. Mtu wa Tanzania anasikia nyanya yake. Tukisema «juu ya njaa» ni kwa sababu ya njaa, naye anatafuta kitu kilichowekwa juu. Na hii ni lugha moja! Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, mambo ya namna hii hayawezi kupungua.

Baba mdogo alikuja Bunia kwa mambo yake. Jioni tulikaa uani, akaanza tena habari ya Goli. Nikasema: «Baba mdogo, ule muntu hakudanganya. Ni mimi.»

Akanyamaza. Kisha akaniuliza: «Namna gani wewe?» Nikachukua kaye, nikamwandikia maneno yote mawili, moja chini ya lingine. Aliyatazama sana.

«Yanafanana,» akasema.

«Ndiyo, yanafanana.»

«Ulijua lini?»

Hilo ndilo swali nililoliogopa. Nikamwambia: majuma matatu. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu: «Nimemtukana yule mzee mbele ya watu wa duane.» Ya pesa hakutaja.

Akatoa telefoni, akasema niandike. Mkono wangu ulitaka kwenda kwa «I am desolate», sababu ya «désolé», nikaushika kwa wakati. (Ni neno la mji uliobaki ukiwa.) Nikaandika kwa maneno mafupi kwamba kosa ni langu mimi mtoto, kwamba mjomba hakuahidi 30, kwamba neno lilikuwa «perhaps». «Mjomba» nimeandika hapa sababu Kiingereza kina «uncle» moja tu kwa wote, na baba mdogo alipouliza nimemwita nani, nilipata shida ya kumweleza.

Jibu lilikuja kesho yake. Pesa ya kamio hakurudisha, wala hatukuiomba. Aliuliza kahawa ya msimu mwingine itakuwa lini.

Sasa kila nikimwandikia mesaji, baba mdogo anaweka kidole juu ya kila neno refu na kuniuliza: «Hii inasema pengine, ao inasema kweli?» Nisipoweza kumjibu mara moja, ananiambia nifute.