Maswali 201 kwa Ukurasa Mmoja

Mwaka wa tatu nilijenga mfumo wa kuombea vyumba vya hosteli, na nilijivunia sana matabaka yake: juu ukurasa anaouona mwanafunzi, katikati programu inayoamua nani anastahili, chini hifadhidata. Kila tabaka na kazi yake, halimwingilii mwenzake. Kwenye laptopu yangu ulikwenda kama upepo.

Siku ya kufungua maombi, ukurasa ukazunguka weee. Watu wakadhani ni bando. Mshikaji wangu wa darasani, aliyeshika simu tangu alfajiri, alipofanikiwa kuingia vitanda vilikuwa vimekwisha. Hakuninunia, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kosa nililikuta usiku. Ili kuonyesha vyumba 200, tabaka la kati lilichukua orodha mara moja, kisha likarudi kwenye hifadhidata kuuliza waliomo, chumba kimoja kimoja. Maswali 201! Ni kama kutumwa dukani ukaleta kiberiti, halafu ukarudi kufuata chumvi. Kwenye laptopu kila kitu kilikuwa mashine moja, nisingehisi. Kule hifadhidata ilikaa seva nyingine. Kila swali lilikula milisekunde 5 njiani tu, jumla sekunde nzima, na hapo ni mtu mmoja. Sasa weka 500 kwenye foleni.

Nilibadilisha mistari sita: swali moja linalounganisha majedwali mawili. Matabaka yalibaki vilevile, ila ukurasa ukafunguka papo hapo. Mshikaji amepanga geto nje ya chuo. Anapanda daladala mbili kuja darasani.