Mimea Iwindayo: Kutoka Miamba ya Masasi Hadi Newala

Msafiri aingiaye Masasi hupokewa na milima ya mawe iliyosimama pekee juu ya nchi tambarare, kama ule wa Mtandi, penye kanisa kuu la Anglikana. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, maji huchuruzika juu ya miamba ya namna hii na kulowesha mchanga haba usio na rutuba. Katika mahali pakavu kwa chakula hivyo, mimea mingine hujipatia riziki kwa kuwinda.

Mmoja ni drosera, wenye vijani vyekundu vilivyojaa vinywele. Kila kinywele hubeba tone la utomvu ling'aalo kama umande. Mdudu akitua, hunasa.

Mwingine ni utrikularia, nao hauna mizizi. Juu utaona ua dogo la manjano au zambarau, lenye midomo miwili na kijimkia nyuma. Chini, majini au topeni, zimo nyuzi zenye vibofu vidogo mno. Kibofu husukuma maji nje na kujifunga. Kidudu kikigusa vinywele vya mlangoni, hufyonzwa ndani kufumba na kufumbua. Vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kuwa tendo hilo halifikii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Peter Taylor, mtaalamu wa bustani ya Kew, Uingereza, alieleza aina 214 za utrikularia mwaka 1989.

Ukipanda Uwanda wa Makonde kwenda Newala, hali hubadilika. Mchanga hunywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini ya ukingo. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliona jinsi maji yalivyokuwa ya shida. Basi, usiitafute utrikularia juu, kwenye mikorosho. Simama penye Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma: vinamasi na madimbwi ya huko chini ndiyo mahali pa kutafuta.

Lakini tahadhari. Mbolea na maji ya sabuni vikiingia dimbwini, mwani hustawi na kuusonga mmea huu. Chemchemi ya kijiji na utrikularia vina adui mmoja; afuliaye mbali na chemchemi huvilinda vyote viwili.

Ndugu msomaji, ukitaka kuwaonyesha watoto nyumbani, kipande kifupi cha utrikularia ieleayo chatosha, usiondoe mingine. Kiweke katika beseni pana lenye maji ya mvua, penye jua, bila mbolea, ukifunika kwa chandarua ili mbu wasizaliane. Kitakua chenyewe. Kisha weka uzi mmoja katika sahani nyeupe yenye maji, mpe mtoto kioo cha kukuzia, naye atahesabu vibofu kwa macho yake.