Nje ya Barabara Ndiyo Wapi?

Wanachama wenzangu, wengi wenu mnanijua kwa mashairi mabovu ninayosoma kwenye mikutano yetu. Leo nawaletea habari ya bomba la moshi la gari. Msicheke. Mwishoni mtaona kwamba ni habari ya Kiswahili chetu pia, na ya uaminifu wa mtu anayewafasiria wengine.

Naishi Barking, mashariki ya London, kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba ni mtu wa Tanga. Kazi yake ni kubeba vyombo vya watu wanaohama, takataka za bustani na magodoro yaliyochoka, na chombo chake cha kazi ni pikapu ya dizeli ya mwaka 2017. Pikapu hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na ndiyo iliyolipa nauli yangu ya treni muhula wote uliopita. Kiingereza cha mtaani mjomba anakijua vizuri. Karatasi, hasa zenye maandishi madogo, hunipa mimi nimsomee.

Mwezi wa pili pikapu ilianza kunguruma kama trekta. Nikaingia chini na tochi. Bomba la katikati lilikuwa limeliwa na kutu hadi kidole kinapita, na sailensa nayo ilikuwa inamwaga maganda. Huku, majira ya baridi barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu isishike, na chumvi hiyo hiyo hula chuma. Juu ya hayo, taa ya kichujio cha masizi ilikuwa inawaka kwenye dashibodi tangu Krismasi.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Moshi wa dizeli ukitoka kwenye injini huzungusha tabo, kisha hupita kwenye kichujio cha masizi, bomba la katikati, sailensa, halafu mkia. Kichujio hunasa masizi, na kikikaribia kujaa hujisafisha kwa kuyachoma kwa joto la nyuzi 600 hivi. Joto hilo halipatikani kwa safari fupi za Barking hadi Ilford, unaposimama kila penye taa. Gari linataka barabara ndefu na mwendo. Kazi ya mjomba haina barabara ndefu.

Gereji ya kwanza tulimkuta fundi kijana, mchangamfu. Alitazama chini dakika mbili, akasema tuondoe kila kitu. Angetufungia bomba la inchi 3 kutoka kwenye tabo hadi mkiani. Ganda la kichujio angeliacha mahali pake, lakini angelitoboa ndani na kulirudisha likiwa tupu, kisha angebadilisha programu ya kompyuta ya gari ili taa isiwake tena. Yote kwa pauni 600. Gari lingekuwa na nguvu zaidi, lingekunywa mafuta kidogo zaidi, na habari ya kuziba ingekwisha. Kisha akawasha pikapu nyingine aliyokuwa ameimaliza. Nakiri mbele yenu: mngurumo ule uliniingia mwilini. Nilijiona nimekaa kiti cha mbele, watu wa Ripple Road wanageuka kutuangalia.

Akatuandikia bei kwenye karatasi. Nikamfasiria mjomba kila mstari isipokuwa wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi ndogo. Uso wa mjomba ulikuwa umechangamka, kwa kuwa alikuwa amekwisha ambiwa kwamba kichujio kipya peke yake kingepita pauni 1,000. Sikutaka kumharibia. Na, kusema kweli, sikutaka kujiharibia.

Usiku, baada ya chakula, aliivuta ile karatasi.

"Mjomba," akaniita, kama wajomba wa kwetu wanavyoitana na wapwa zao, "na huu mstari wa chini unasemaje?"

Nikameza mate. "Unasema, kwa matumizi ya nje ya barabara tu."

"Nje ya barabara ndiyo wapi? Mimi nina shamba hapa Barking?"

Sikuwa na jibu. Ikabidi nimweleze kwa urefu nilichokuwa nimekiruka kwa ufupi. Tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa na kichujio likikutwa halina, linafeli ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Tangu Mei 2018, likiwa na kichujio halafu moshi ukaonekana kwa macho, linafeli vilevile. Kuliendesha barabarani baada ya kukiondoa ni kosa, na faini kwa gari dogo la mizigo inaweza kufika pauni 2,500. Na kampuni ya bima isipoambiwa kuhusu mabadiliko kama hayo, siku ya ajali inaweza kukataa kulipa.

Hata hapo sikukubali kushindwa. Nilimwambia kwamba ganda litaonekana lipo. Kuhusu kamera, mnajua kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limeenea mitaa yote ya London, na gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa siku. Letu limesajiliwa kuwa Euro 6, kwa hiyo halilipi. "Kamera inasoma namba ya gari," nikasema. "Haisomi moshi. Hakuna atakayejua."

Mkaza mjomba alikuwa anaosha vyombo. Kila asubuhi yeye ndiye anayempeleka binti yao shule kwa miguu, kandokando ya magari. Alifunga bomba la maji akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Ella Kissi-Debrah. Nilikuwa nimesikia. Alikuwa mtoto wa miaka 9, mkazi wa Lewisham, karibu na barabara kubwa, aliyefariki mwaka 2013 kwa pumu. Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, jambo ambalo halikuwahi kuamuliwa hivyo Uingereza.

"Basi usiniambie hakuna atakayejua," akasema, akafungua tena maji.

Mjomba aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho twende kwingine. Na safari hii unifasirie yote, hata fundi akikohoa."

Tulikwenda gereji nyingine, upande wa River Road. Fundi alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Mjomba aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikafikisha neno kwa neno, na majibu nikayarudisha hivyo hivyo. Kichujio kilikuwa hakijafa. Kilihitaji kuchomwa masizi kwa amri ya kompyuta, pauni 90. Nyuma ya kichujio tulikuwa na njia mbili: ekzosi ya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, pauni 220, au ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, pauni 430. Nikauliza, kwa niaba yangu mwenyewe, kuhusu inchi 3. Akajibu kwamba bomba pana nyuma ya kichujio, kwa injini ambayo haijaguswa, huongeza kelele kuliko nguvu, na kelele hiyo kwenye barabara kuu hugeuka kuwa maumivu ya kichwa. Tutazame mambo mengine: kama vishikio vinakaa sawasawa na vya gari, kama unene wa bomba ni ule ule wa kiwandani, kama sailensa imo, na kama kuna dhamana ya maandishi.

Mjomba alichagua stenlesi. "Chumvi itarudi mwakani," alisema. Jumla ikawa pauni 520, chini ya zile 600 za kutobolewa kichujio.

Siku hizi, Jumapili moja moja, tunashika barabara ya A13 kuelekea Southend ili gari lipate mwendo na kuchoma masizi yake. Mkaza mjomba hubeba chai na maandazi, na binti yao husinzia kabla hatujafika mbali. Gari liko kimya. Ule mngurumo bado naukumbuka, lakini taa ya dashibodi haijawaka tena.

Nimebaki na deni moja kwa chama chetu. Katika kamusi bomba hilo ni la moshi, na gerejini ni ekzosi. Hapo sina shida. Ninachotafuta ni namna nzuri ya kufasiri ule mstari wa mwisho, maana "nje ya barabara" mjomba hakuielewa, na mimi niliitumia kujificha. Nilipomwomba anisaidie, hakufikiri sana.

"Andika," akasema, "hairuhusiwi barabarani. Mtu akisoma hivyo, hatauliza shamba liko wapi."