Kahawa ya Kopo

Bukoba, 7 Julai

Kahawa ya shangazi imeanikwa uani tangu asubuhi. Ni robusta, inakaushwa na ganda lake. Ikishakauka, ukiitikisa kiganjani unaisikia punje ikigonga ndani. Nimemuuliza inakokwenda. "Chama cha msingi cha ushirika, mwanangu. Huko mbele sijui." Miaka yote hiyo analima, hajui! Nyingine huishia hapa hapa mjini, kiwanda cha TANICA, ikatoka ikiwa kahawa ya kopo, Africafe. Nataka kuielewa safari hiyo.

9 Julai

Kahawa ya kopo si buni iliyosagwa laini. Hiyo haiyeyuki, huacha machicha. Ya kopo imekwisha kupikwa, kisha maji yakaondolewa. Buni hukaangwa, husagwa chengachenga, hujazwa kwenye mitungi mirefu ya chuma iliyounganishwa. Maji ya moto kuliko yote, yaliyopita nyuzi 150 lakini yakazuiwa na shinikizo yasigeuke mvuke, huanzia kwenye mtungi uliokwisha kukamuliwa. Yakiendelea hupoa, na humalizia kwenye kahawa mpya, ambayo harufu yake haitaki kuunguzwa. Aliyebuni mpangilio huo namvulia kofia. Ndiyo maana kiwanda hukamua karibu maradufu ya tunachopata jikoni, na bado kilo moja ya unga hula zaidi ya kilo mbili za buni.

10 Julai

Leo nimeacha kahawa kali ichemke sufuriani hadi ikauke, nione. Imebaki gundi nyeusi, chungu, na nyumba nzima inanukia. Harufu yote imetoka na mvuke.

Kiwandani huiwahi: huitega kando kwanza ili irudishwe baadaye, kisha hupunguza maji mahali palipofyonzwa hewa, ambapo huchemka kwa joto dogo. Rojo linalobaki hunyunyizwa kutoka juu ya mnara wenye upepo wa nyuzi zaidi ya 200. Tone linakauka likiwa hewani, na mvuke unaolitoka ndio unaolipoza lisiungue. Nimemwaga unga kidogo kwenye karatasi nyeupe na kuutazama kwa kioo cha kukuzia: vitufe vidogo, na vilivyovunjika ni vitupu ndani.

12 Julai

Brazili ya miaka ya 1930 ilichoma kahawa kwa kukosa wanunuzi. Kilio chake ndicho kilichoifikisha kazi hii ya kahawa ya kopo kwenye kampuni ya Nestlé, kwa mkemia Max Morgenthaler. Nescafé ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1938. Shida ya mkulima ndiyo iliyoizaa Nescafé.

14 Julai

Wapenzi wa arabika huidharau robusta yetu. Lakini ndiyo yenye vingi vya kuyeyuka, na ukali wake hustahimili mnara. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii bado inauzwa nje ikiwa buni mbichi, na faida ya mnara inabaki ng'ambo. Kwenye mkutano wa chama nitauliza ni magunia mangapi ya kwetu yalikwenda kiwandani msimu uliopita, na kwa bei gani. Shangazi nitakwenda naye.