Mimi, mama mkwe na zile bobini

Ukiolewa nje utaonywa mengi, baridi, chakula, sijui nini. Hakuna shosti aliyenionya kuhusu bobini!

Mama mkwe wangu anaishi Tønder, kusini mwa Denmark, mji uliosifika karne ya 17 na 18 kwa lesi ya kusuka kwa mkono. Yeye ni Kidenmaki tu, mimi Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka minne ya ndoa, mume wangu akitoka sebuleni tulibaki kutabasamiana mpaka mashavu yanauma. Safari ya mwisho akaleta mezani mto mgumu na boksi la vijiti vya mbao.

Hizo ndizo bobini, si zile za cherehani. Kila moja hubeba uzi wake, unazipishanisha na kuzisokota jozi kwa jozi juu ya mchoro wenye vitundu, pini zikishikilia mpaka lesi ijishike yenyewe.

Akanifundisha kuchagua, bila maneno. Bobini mbili kiganjani, pima: uzi wa Tønder ni mwembamba mno, nzito itaukata, nyepesi itauacha ulegee. Kisha akanipitishia moja shavuni. Jamani, shavu linasikia mkwaruzo ambao kidole hakiusikii, na mkwaruzo huo ndio unaonasa uzi! Ikatupwa pembeni. Boksini zilikuwepo pia za Kiingereza zenye shanga mwishoni, nikazing'ang'ania (mimi na shanga tena), akacheka, akazirudisha.

Kwenye pini ndiyo hana mchezo kabisa. Ziwe za shaba ya njano, kwa sababu kazi hukaa mtoni wiki kadhaa na chuma kikishika kutu, lesi nyeupe imekwisha. Ziwe nyembamba, la sivyo zinatanua matundu. Zile zenye vichwa vikubwa vya plastiki, nzuri kwa macho, zinaziba tundu la jirani.

Mume wangu alitaka kuniagizia seti mpya mtandaoni. Nikamwambia aache. Mama ameshanitengea jozi 20 za kwake, na yeye hana binti. Macho yake yameanza kuushindwa ule uzi, kwa hiyo siku hizi tukiwa huko pini nachomeka mimi, yeye ananihesabia jozi: en, to, tre. Mimi namjibu: moja, mbili, tatu. Juzi kwenye simu alifika mpaka saba bila kukosea.